Gauni la Mtu Mpole

Bonareri alikuwa na ugonjwa ambao mafundi wengi wa nguo wanao na wachache wanaukiri: mteja akivuka tu kizingiti cha duka, yeye alikwisha kumvisha. Bibi arusi angali akipangusa vumbi viatuni, akilini mwa Bonareri tayari kavaa, kafungwa vifungo, kapigwa hata picha. Aliyeingia kwa maringo alipewa mkia mrefu wa kuburuta. Aliyecheka kabla ya kusalimu alipewa shingo pana na mikono mifupi. Na yule aliyeingia nyuma ya wenzake, akatafuta kiti cha pembeni na kukalia ncha yake, huyo alifungwa hadi kooni, kwa sababu Bonareri aliamini kwamba mtu mpole hufurahi akifichwa.

Tusimwonee, mara nyingi alipatia. Duka lake lilikuwa nyuma ya soko la Migori, chumba kimoja chenye cherehani mbili, kioo kirefu na pazia la kubadilishia nguo, na wanawake walikuja kutoka Rongo, Isebania, Karungu, hata Homa Bay, kwa ajili ya jicho hilo. Kuna mabibi arusi waliokuja na picha ya simu ya gauni la mkia wa samaki, lile la kubana mapaja, nao ni watu wa kucheza na kurukaruka. Aliwaambia bila haya kwamba kwa watu wa ziwani, samaki mahali pake ni kwenye sahani. Waliomsikiliza walimshukuru. Waliokataa walipasuka mshono kabla keki haijakatwa, na habari zao ni yeye mwenyewe aliyezisambaza.

Basi siku Leonida alipomleta Nyangi, jicho lilifanya kazi yake ya kila siku.

Leonida ndiye aliyetangulia kuingia. Alikuwa mfanyabiashara wa omena, dagaa wa ziwani, kutoka Karungu, mwanamke mwenye sauti pana. Akiuliza bei ya limau upande huu wa soko, wauzaji wa upande wa pili huanza kujibu. Mwanawe Fanuel, fundi wa umeme wa jua, alikuwa anaoa, na kwa kuwa upande wa bwana arusi ndio unaomvisha bibi arusi, Leonida alikuja kulisimamia jambo hilo mwenyewe. Nyuma yake akaingia Nyangi, msichana Mkuria wa Kehancha, mrefu, mwenye mabega ya mtu aliyezoea jembe. Akaamkia kwa sauti ndogo, akaketi pembeni.

Leonida na Bonareri walizungumza kwa Kijaluo. Bonareri ni Mkisii, lakini ameolewa kwa Wajaluo miaka mingi, nao humwita Nyar Kisii, binti wa Kisii, na kumtania kwamba Kijaluo chake sasa kimewashinda wenyewe. Walizungumza juu ya lesi na satini na urefu wa shela, na juu ya akina mama wa kanisa ambao watakaa viti vya mbele wakikagua kila uzi. Leonida alimsifu mkwewe pale pale, mwenyewe ameketi haelewi neno. Mtoto huyu ni jamuol, alisema, mpole hasa, ukimpa kiti anakaa, ukimpa chai anakunywa. Ndipo Bonareri akamgeukia Nyangi na kumuuliza kwa Kiswahili anapenda gauni la namna gani.

"Yoyote tu, mama," alisema Nyangi. "Ile mtaona inafaa."

Fundi gani hafurahii jibu kama hilo? Kabla wageni hawajatoka, Bonareri alikwisha kuchora: satini nyeupe isiyo na makeke, kola ya lesi inayopanda hadi chini ya kidevu, mikono mirefu ya kubana yenye vifungo vidogo hadi kifundoni, sketi nyembamba ya hatua fupifupi. Leonida aliutazama mchoro akasema kwamba ndivyo hasa alivyomuota.

Na lilikuwa gauni zuri, hilo lazima lisemwe. Nyangi alipokuja kulijaribu, alisimama mbele ya kioo mikono imemlalia ubavuni, akasema ni nzuri, asante. Leonida alimpiga picha mbele na nyuma akazituma kwa akina mama wa kanisa, nao wakajibu kwa vidole gumba na maua mengi. Bonareri alimwona msichana akimeza mate kwa shida nyuma ya ile kola. Akadhani anazuia machozi ya furaha, akaongeza kifungo kimoja.

Kilichompeleka Kehancha ni nguo za wapambe. Wasichana watakaomsindikiza bibi arusi walikuwa sita, wote wa huko huko, na ilikuwa rahisi zaidi fundi mmoja kupanda gari na mfuko wake kuliko wasichana sita kuja mjini na kutaka soda. Pikipiki ilimchukua kutoka lami, ikapita naye kati ya mashamba ya tumbaku na ng'ombe waliosimama njiani kama wenye njia, ikamshusha mbele ya boma la akina Nyangi. Kabla hajasema hodi, alisikia sauti.

Ilikuwa sauti ya mwanamke anayesimulia. Ilipanda, ikashuka, ikanyamaza makusudi, kisha ikatupa neno moja kavu, na kundi zima la wanawake likaangua kicheko. Bonareri alichungulia juu ya ua. Katikati ya wanawake waliokuwa wakichambua mboga alisimama mmoja, leso kafunga kiunoni, buti za mpira miguuni, akimwigiza mtu. Alirefusha shingo. Aliokota jani, akalinusa kwa dharau, akalitazama kwenye jua, akaandika kitu hewani, akalitupa. Kila aliyekuwapo alimjua huyo mnunuzi wa tumbaku, na bibi mmoja alikuwa amemshika jirani yake bega ili asianguke. Bonareri, ambaye Kikuria hajui hata cha kuombea maji, alijikuta anacheka nje ya ua peke yake.

Msimulizi akageuka. Alikuwa Nyangi.

Bonareri alipigwa na butwaa, lakini kilichomuuma si kumwona Nyangi huyu msimulizi. Ni kumwona yule wa dukani akirudi. Msichana alipomtambua fundi, mabega yalishuka, mikono ikakutana mbele ya tumbo, na sauti ile kubwa ikatoka imekatwa vipande. "Karibu mama. Umefika. Kaa hapa." Akamletea kiti, akasimama kando yake bila la kusema. Yote hayo yalitokea katika muda wa kuvuka uwanja.

Kazi ya wapambe ilikwenda vizuri. Ilipokwisha, kijana mmoja akashika litungu, kile kinanda cha nyuzi cha Wakuria, na wasichana wakajipanga kujizoeza nyimbo za arusi. Nyangi ndiye aliyeanzisha. Alirusha mikono yote miwili juu ya kichwa, akaachia sauti kutoka tumboni, wenzake wakamwitikia, miguu yao ikapiga ardhi pamoja. Joyline, binamu yake aliyesoma Migori na kuokota Kijaluo kidogo, na Kiswahili cha kutosha kuuza na kununua nacho, aliketi karibu na Bonareri kumweleza.

"Huyu ndiye mwanzishaji yetu," alisema. "Huku arusi haiwezi anza kama Nyangi hajafika. Hata kutoka Ntimaru wanakuja kumchukua."

Bonareri alitazama ile mikono iliyo juu. Akilini akaona vile vifungo vidogo hadi kifundoni. Katika mikono aliyomshonea, msichana huyu asingeweza kujikuna kichwa, sembuse kuanzisha wimbo, na kwa kola ile, wimbo wenyewe ungepitia wapi? Miaka yote hiyo akiringia jicho lake, na hapa alikuwa amemshonea gauni mtu ambaye hayupo.

Alimwita Nyangi wakaketi watatu nyuma ya nyumba. Akasema: mwulize tena ni gauni gani anataka, Joyline, lakini mwulize kwa lugha yake, na akujibu kwa lugha yake, hata kama itachukua mchana wote. Joyline akauliza. Nyangi alitazama chini kidogo, kisha akaanza, na alipoanza hakunyamaza upesi. Alitaka jeupe, ndiyo, yeye ni Mkristo kama wengine na alipenda weupe. Lakini alitaka mabega yapumue. Alitaka sketi inayokwenda naye akikanyaga, si ya kumfundisha kutembea upya. Alitaka shangazi yake Weigesa ampambe kiunoni kwa shanga, mstari mwembamba tu. Alitaka kuingia kanisani akiimba, kwa kuwa ameimbia rika lake lote na hakuona kwa nini siku yake mwenyewe aingie kama mgonjwa anayesaidiwa kutembea.

Mbona basi hukusema, aliuliza Bonareri. Hapo Nyangi akaanza kusema polepole. Kwa Kiswahili, alieleza, maneno yake ni machache, na anapoyatafuta watu wamekwisha kumjibia. Kijaluo ndiyo kabisa. Mama Fanuel amempenda kwa sababu ya kunyamaza, na anamtembeza kwa majirani akimsifia hicho hicho. Fanuel anajua, alimwona kwanza akiimba, siku alipokuja kufunga umeme wa jua kwenye zahanati ya hapo. Lakini Fanuel kila akiombwa azungumze na mama yake husema mama atazoea polepole. Wanaume wana sanduku lao linaloitwa polepole, na mengi yamefia humo.

Kisha akasema neno ambalo Joyline alilitafsiri kwa sauti ya chini: "Anasema, nikiingia kwao nimejificha, nitatoka lini?"

Bonareri alikunja utepe wake wa kupimia. Alirudi Migori na swali hilo limemkaa kifuani, kwa sababu jibu lake alilijua. Yeye mwenyewe aliletwa Migori na Kikisii chake kitupu. Nyumbani kwao alikuwa mtoto wa maneno, aliyefukuzwa jikoni kwa kuchekesha watu wakaunguza ugali. Kwa mumewe akawa mtu wa kutikisa kichwa. Wakamwita jamuol, naye akalipokea jina hilo kwa kuwa hakuwa na maneno ya kulikataa. Mama mkwe wake alikuwa mwanamke mwema, mcheshi, waliishi nyumba moja bila ugomvi, na alifariki miaka michache baadaye, kabla Kijaluo cha Bonareri hakijafika mahali pa utani. Kwenye mazishi walisema marehemu alijaliwa mkaza mwana mtulivu. Bonareri alilia sana siku ile, na watu walidhani wanajua analilia nini. Alikuwa akilia kwamba wangependana zaidi ya pale, wale wanawake wawili, lau wangepata kukutana.

Asubuhi iliyofuata akafanya kosa la mafundi wenye hasira: alianza kufumua kabla ya kuomba ruhusa. Mikono yote miwili aliitoa. Kola akaikata. Kazi ilipokuwa haina tena pa kurudi, ndipo akampigia simu Leonida na kumwambia aje dukani siku Nyangi atakapokuja kujaribu mara ya mwisho, kuna jambo la kurekebisha. Kurekebisha, alisema. Hakusema kwamba sehemu nzuri ya gauni haikuwa tena kwenye gauni.

Leonida alifika mapema, Nyangi akiwa ndio kwanza amevishwa gauni, Joyline kando yake. Aliona mikono ya satini imelala juu ya meza peke yake. Aliunyanyua mmoja, akautazama, akauweka. Akauliza kwa Kijaluo, taratibu kuliko alivyowahi kusema kitu chochote, ni nani aliyemtuma Nyar Kisii kuharibu gauni lililokwisha kupita kwa akina mama wa kanisa. Bonareri akamwambia ukweli wote: aliyoyaona Kehancha, hadithi, wimbo, mikono juu. Akamwambia kwamba wao wawili walikaa hapa wakamchagulia nguo mtu ambaye hawajaonana naye bado.

Kama alitegemea shukrani, hakuipata. Leonida alikaa kwenye kiti kana kwamba amepokea habari ya msiba. Mke wa Gordon, mwanawe mkubwa, naye alikuwa na mdomo, alisema. Walianza kwa kujibizana juu ya chumvi, wakaishia kutosalimiana, na sasa Gordon amehamia mjini Homa Bay na wajukuu anawaona kwenye picha. Alipomwona huyu mtoto aliyenyamaza alipiga magoti akashukuru. Na sasa anaambiwa kimya kile kilikuwa cha kuazima? Basi gauni lirudishwe lilivyokuwa. Mwenye kulinunua ni yeye.

Yote hayo yalisemwa kwa Kijaluo. Nyangi hakuelewa maneno, lakini nani haelewi mikono iliyokatwa juu ya meza na uso wa mama mkwe? Joyline alifungua kinywa kumfasiria. Nyangi alimgusa mkono kumzuia. Akasimama mbele ya Leonida, akiwa na gauni lisilo na mikono, pini mabegani, akapiga moyo konde, akasema kwa Kiswahili chake mwenyewe:

"Mama, mimi si mtu ya kunyamaza. Mimi naongea. Kwetu naongea mpaka wanasema Nyangi wachia wengine. Ni lugha nakosa. Sikutaka kukudanganya, lakini maneno haiko." Alisimama kutafuta, na safari hii hakuna aliyemjibia. "Usinipende juu ya kunyamaza, mama. Siku nitajua Kijaluo, utasema nimebadilika. Na mimi sijabadilika. Nilikuwa tu ndani."

Bonareri alishika mkasi bila sababu. Leonida alimtazama msichana, akauliza, naye kwa Kiswahili, na si kwa upole: "Unaongeanga nini hiyo yote?"

Lilikuwa swali gumu. Nyangi alitazama huku na huku akitafuta maneno, akayakosa, kisha akaacha kuyatafuta. Alichukua ubao wa kupigia pasi uliokuwa ukutani, akaubeba kichwani kwa mikono miwili. "Fanuel," alisema. "Siku ya kwanza, Kehancha. Amebeba ile ya jua."

Akaanza kutembea. Alitembea kama Fanuel, magoti yakitazamana kidogo, shingo mbele, mtu wa ziwani aliyepewa vilima. Akasimama ghafla. Mbele yake, kila mtu dukani aliona, palikuwa na fahali. Fahali mwenyewe alikuwa Nyangi pia, aligeuka upande akawa fahali, akatafuna taratibu, akamtazama huyo mgeni bila haraka. Akawa Fanuel tena. Alishusha ule ubao, akaufanya ngao, akauchungulia kwa juu. Kisha akaanza kumsihi fahali. Kwa sauti ya Fanuel, nyembamba, yenye adabu kupita kiasi, kwa maneno mawili ya Kijaluo ambayo bila shaka aliyashika siku ile ile: "Osiepna, yie," akamwambia ng'ombe. Rafiki yangu, tafadhali.

Leonida alianza kwa kubana midomo. Ikakataa kubanika. Kicheko kilitoka kwanza puani, kisha kikamshinda kabisa, akainama akashika meza ya cherehani, akacheka mpaka kitambaa chake cha kichwa kikalegea. Alipojaribu kunyamaza alimwona tena Nyangi nyuma ya ubao, akaanza upya. Hata wauza mitumba wa mlango wa pili walikuja kuchungulia kuna nini.

"Huyo ni Fanuel," alisema hatimaye, akipangusa macho kwa kiganja. "Ni yeye kabisa. Alipokuwa mdogo alikuwa anaomba jogoo ruhusa ya kupita." Akaendelea kumtazama Nyangi, na macho yake hayakuwa yale ya kwanza. Mke wa Gordon, alimwambia Bonareri baadaye, hakuwahi kumjua Gordon hivyo. Huyu alikuwa amemtazama mwanawe mpaka kwenye magoti, na alikuwa amempenda hapo hapo kwenye woga wake.

Akakaa sawasawa, akafunga kitambaa. Hakumgeukia fundi. Alimgeukia bibi arusi. "Haya. Hii gauni unataka ikuwe aje?"

Wakashona upya wote wanne, ukipenda kuliita kushona: Bonareri na cherehani, na watatu juu ya kichwa chake wakimwelekeza. Hawakukubaliana kila kitu. Leonida alisema shingo iko wazi mno kwa kanisa, na Nyangi akasema koo ni la kuimbia, na mwisho wakawekana sawa kwa lesi nyepesi iliyopita mabegani bila kubana kitu. Mikono ikaishia juu ya kiwiko. Sketi ikapanuliwa kwa vipande vilivyoongezwa pande zote, ikawa anapopiga hatua inafunguka na anaposimama inatulia. Walibishana juu ya shela pia, kwa Kiswahili kibovu cha pande zote mbili, na Bonareri, pini mdomoni, alisikia kwamba ubishi ule haukuwa wa ugomvi. Kuna ubishi wa watu wanaotaka kuondoka na kuna wa watu wanaokaa. Moyo wake ulitulia kuliko siku nyingi zilizopita.

Arusi ilifanyika Karungu, kanisa la karibu na maji, upepo wa asubuhi ukipeperusha kila kisichofungwa. Akina mama wa viti vya mbele walikuwa wameahidiwa kola na walikuwa wamejiandaa kuipitisha. Badala yake walisikia wimbo mlangoni, sauti moja kubwa ya Kikuria na wasichana sita wakiitikia, na Nyangi akaingia mikono juu, sketi ikifunguka na kufungwa, shanga za shangazi zikimetameta kiunoni, akitembea hatua zake mwenyewe. Fanuel, mbele kule, alikuwa akilia na kucheka bila kujua afuate lipi. Mama mmoja alimwinamia Leonida kumnong'oneza: si ulisema mkwe wako ni mtu wa kimya? Leonida akamjibu kwamba alikuwa amekosea, kisha akamwomba anyamaze asikie wimbo. Bonareri alisimama nyuma na uzi na sindano mkobani, tayari kwa mshono utakaopasuka. Haukupasuka hata mmoja.

Baada ya ibada watu walihamia nyumbani kwa Leonida kula. Wanawake wa Kehancha walikuwa wamekuja gari zima, wengi wao wazee wasiojua Kiswahili wala Kijaluo, nao walitaka kumwona huyo anayemchukua mtoto wao. Walimzunguka Leonida kwenye uwanja wake mwenyewe. Walimsalimu kwa Kikuria, kirefu, kwa heshima zote, salamu inayodai kujibiwa. Bonareri alikuwa akibeba sahani, akasimama kutazama.

Kwa mara ya kwanza tangu amjue, Leonida hakuwa na la kusema. Alitabasamu. Alitikisa kichwa. Alishika mkono wa kila mmoja kwa mikono yake miwili, akatabasamu tena, na mabega yake yakashuka kidogo. Wakamuuliza jambo jingine, akatikisa kichwa kwa hilo pia. Shangazi Weigesa alimtazama kwa huruma, akamwinamia Joyline na kumwambia kitu.

Joyline alijaribu kukimeza, lakini Leonida alikuwa amekwisha kuona. Akataka kuambiwa kimesemwa nini.

"Shangazi anauliza," alisema Joyline, akitazama viatu vyake, "kama mama uko mgonjwa. Mbona huongei."

Bonareri alitegemea kishindo. Leonida alifungua kinywa, akawatazama wale wanawake mmoja mmoja, wakimsubiri kwa wema, na kinywa kikafungwa. Kisha akamtafuta Nyangi kwa macho katikati ya watu. Nyangi alikuwa amekwisha kuona na alikuwa akija, sketi kaishika mkononi, akavuka uwanja upesi upesi mpaka akafika kando ya mama mkwe wake. Joyline akajitolea kuwaeleza wale wazee kwamba mama haumwi.

"Hapana, wewe wacha," alisema Leonida. Akamshika Nyangi mkono. "Nyangi, nifundishe. Niambie vile nitasema mwenyewe, ati mimi si mgonjwa. Ni lugha nakosa."

Nyangi akamwinamia sikioni, akampa maneno hayo moja baada ya jingine, naye Leonida akayasema.